Mkwe Aliyevuka Mto

Mwezi uliopita nilirudi Likasi kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu, nikaaibika mbele ya watu wote. Ngoja nikueleze, ndugu yangu, maana pale nyumbani waliishia kunicheka tu.

Tulikuwa uani baada ya misa. Viti vya plastiki vimepangwa, muziki umefunguliwa hadi mwisho, mpiga picha anatusukuma huku na huku. Bwana harusi, kijana mzuri, mfanyakazi wa kiwanda, akamwendea mama mkwe wake, yaani mdogo wangu, akamkumbatia, akambusu shavu hili na shavu lile, kisha akamzungushia mkono kiunoni wapigwe picha. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo. Sahani ikaniponyoka, sombe ikamwagikia viatu vya padri. Watu wakasema mama mkubwa amechoka na safari. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Mwili wangu ulishtuka kabla akili haijauliza kuna nini.

Mdogo wangu simlaumu. Wakati wa mambo ninayotaka kukusimulia alikuwa mtoto wa mgongoni, hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka, tena nakumbuka mpaka harufu.

Zamani kwetu kulikuwa na buko. Buko ni ile heshima nzito kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaitani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Usije ukadhani ni chuki. Ni kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemzaa mke wako, na ukimzoea-zoea ni sawa na kumvua nguo. Ndivyo tulivyolelewa, Wakatoliki kwa walokole, na hakuna aliyeona ajabu.

Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, huyu mzaa mama, alikuwa akija Likasi kutusalimia na kikapu cha viazi vitamu na chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi kinachokwaruza koo kidogo kikikaa siku mbili tatu. Baba akisikia kikohozi chake langoni, anatoka kwa mlango wa jikoni. Kapiteni mzima wa jeshi, mtu aliyefanya wanaume wenzake wasimame wima, anakimbia na soksi, kiatu kimoja mkononi. Mama anainamia sufuria ili asicheke.

Na bado walikuwa na mambo ya kuambiana, baba na kambo. Hapo ndipo mimi nilipoingia kazini. Kambo anakaa sebuleni ameuelekea ukuta, baba anasimama uani nyuma ya mlango, mimi katikati.

"Ambia baba yako asema bukari ilikuwa ya muzuri," kambo anasema. "Lakini sombe ilikosa chumvi."

Narudia neno kwa neno. Baba anajikuna shingo.

"Ambia kambo asema leo minye njo nilipika, juu mama yenu iko na homa."

Hapo kambo anajua kwamba mkwe mwenyewe ndiye aliyepika, kwa sababu mama ni mgonjwa. Halafu: "Ambia baba yako asema sasa naona ile chumvi ilitosha."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba. Lakini hakuna aliyejibu mpaka mimi nirudie, na nikiruka neno wote wawili wanakohoa. Nilijiona mtu mkubwa sana. Watoto wengine wa mtaani walitumwa dukani, mimi nilitumwa maneno.

Hata hivyo kati yao kulikuwa na kitu kingine kisicho buko, na hicho hakikuwa cha kuchekesha. Kambo hakutaka binti yake aolewe na askari. Alikuwa amesikia kazi ya baba jeshini ilikuwa gani, na akiwa kijijini kwake hakumwita mkwe wala kapiteni. Alimwita Muvunja-madaraja. Mama alilijua jina hilo, baba pia alilijua, na mimi niliambiwa kwamba hilo ni neno moja nisilotakiwa kulipeleka popote.

Nikwambie ukweli wa jina hilo. Baba alisomea uhandisi jeshini. Walimfundisha kujenga madaraja, kisha vita ilipokuja wakamtuma kuyavunja. Sababu ya kuacha jeshi aliisema mara moja tu, kwa mama, jikoni, nami nilikuwa chini ya meza nachambua mchicha wa lenga-lenga. Huko kaskazini, mbali sana na kwetu, aliamriwa alipue daraja kabla adui hajafika. Akalipua. Moshi ulipotawanyika akaona kwamba ng'ambo kulikuwa na watu, wanawake wenye mizigo kichwani, wamesimama ukingoni wanamtazama. Hawakupiga kelele.

"Balibakia kule," alimwambia mama. "Minye nilikuwa huku, bo balibakia kule."

Mama aliendelea kusonga bukari. Siku hiyo tulikula bukari ngumu, na hakuna aliyelalamika.

Basi baba akavua sare, lakini jeshi halikumvua yeye. Asubuhi alituamsha kwa filimbi. Tulipanga mstari kwenye beseni la kupigia mswaki, alikagua kucha zetu, na kitanda kisichotandikwa vizuri kilivuliwa shuka mbele ya wageni. Akikasirika alihamia Kilingala cha kambini, na hapo hata mbwa wa jirani alinyamaza. Lakini jioni, mama anapokaanga mikate na makaa yanalia kwenye jiko, alikuwa akichora madaraja kwenye mchanga wa uani kwa kijiti, anayafuta kwa mguu, anachora tena.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Tukipita kwenye daraja lolote, la barabara kubwa au la bustani za mboga, aliomba dereva asimame, akashuka, akachungulia chini. Abiria wananung'unika, yeye hana habari. Alikuwa anatafuta mahali ambapo yeye mwenyewe angeweka baruti. "Daraja yote iko na fasi yenye inapenda kufia," alisema, "unaanza kujenga pale." Akishaiona ile fasi, mahali penyewe, anarudi kwenye kiti, amekunja uso, na njia iliyobaki haongei.

Kazi yake ya kwanza kubwa kama raia aliipata upande wa Kapolowe. Mto ule unaomwaga maji kwenye mto mkubwa wa Lufira ulikuwa na daraja la zamani ambalo lilioza likaanguka, na watu walivuka kwa mtumbwi kiangazi, wakati wa mvua hawavuki kabisa. Padri mmoja alipata vyuma viwili virefu vya zamani, akapata saruji ya Kakontwe, akamwita baba. Na ng'ambo ya mto huo, juu ya kilima kidogo, ndipo kulikuwa na kijiji cha kambo. Ukimuuliza baba alisema kazi ni kazi. Mama alisema mtu huyu hajalala vizuri tangu padri aje.

Vyuma vilichelewa kufika, saruji ikachelewa pia, na mvua zikawakuta kazini. Likizo ya Noeli mama akafunga mizigo, akambeba mdogo wangu, tukaenda kuishi kambini pamoja na baba ili mama awapikie mafundi. Ah, kambi ile. Asubuhi unaamka na harufu ya saruji mbichi na moshi wa kuni zilizolowa. Mafundi wanachonga magogo ya mubanga, mti mgumu mpaka shoka linalia juu yake, na vipande vyake vikiungua vinanukia vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuchagua mawe kwenye maharage, na kumfukuza mbuzi wa padri asile kamba. Vyura walianza saa kumi za jioni. Kapenta, vile visamaki vikavu, walikaangwa na nyanya mpaka mafundi wanaimba.

Kila siku kambo alishuka ng'ambo kuteka maji, na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Kutoka kwenye daraja baba angemwona, naye angemwona baba. Basi baba akawatoa mafundi kwenye kazi, nusu siku nzima, wajenge uzio wa majani upande wetu, akae nyuma yake kila kambo anaposhuka. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. "Komanda," mmoja akamwambia, "weye uliogopa masasi?" Baba akajibu kwamba risasi haikumzalia mke. Na kambo kule akiona uzio umesimama anachukua muda wake, anafua, anaosha miguu, kisha anapaza sauti juu ya maji, sauti kubwa kuliko mwili wake: "Mutoto! Ambia baba yako asema ule uzio iko muzuri. Hata kama atavunja daraja, asivunje uzio."

Hilo nililipeleka vile lilivyo. Nilidhani ni utani. Baba alilisikia kwa mara ya pili kutoka mdomoni mwangu, akasema tu, "Ndiyo," akarudi kwenye magogo.

Sasa nisikilize vizuri daraja lilivyokuwa wiki ile, maana kila kitu kinatoka hapo. Vyuma viwili vilikwisha lazwa kutoka ukingo mpaka ukingo. Katikati ya mto vilikalia nguzo ya muda, magogo ya mubanga yaliyopangwa na kujazwa mawe, ikingoja nguzo ya saruji ijengwe. Upande wetu mbao zilikwisha pigwa misumari. Kuanzia katikati kwenda ng'ambo mbao zilikuwa zimetandazwa tu, na ukikanyaga pasipo na chuma chini yake, unazama nazo. Baba alipiga marufuku mtu yeyote kupita. Kila asubuhi aliitazama nguzo ile ya katikati na ule uso wake uliokunjwa. Alikuwa ameshaiona fasi.

Mvua zilipozidi, utani ukakatika kambini. Baba alichomeka kijiti ukingoni kupima maji, akawa anakwenda kukitazama, anarudi, anakwenda tena, chakula kinapoa. Mama alimwambia apumzike. Alimjibu kwa Kilingala.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya chakula. Kwetu mvua ilikuwa imekata, jua limetoka, na ndiyo maana watu wa kule walijisahau. Lakini huko juu mto unakotoka ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa, kwanza bila sauti, halafu na sauti. Nyuma ya kijiji cha kambo kuna mkondo wa zamani, kiangazi watu wanalima mboga ndani yake. Siku hiyo ulijaa. Kijiji kikazungukwa, na maji yakaanza kupanda kilima.

Baba alipuliza filimbi, akatembea juu ya daraja lake alilolipiga marufuku, akasimama katikati, penye ile nguzo, akawaita watu. "Kanyaga juu ya chuma, hapana juu ya mbao tupu. Mumoja, mumoja. Usiangalie mayi." Wakaja. Wanawake wenye masufuria, wazee wenye kuku makwapani, watoto wamefungwa kamba kiunoni. Baba alimshika kila mmoja kiwiko, anampitisha pale pabaya, anamsukuma kwetu. Sisi tulipokea, mama anawapa blanketi na chai. Kila gogo lililopita na maji liligonga nguzo, na kila likigonga tulilisikia kwenye miguu.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Alisimama na birika mkononi akitazama ng'ambo, ambako watu walizidi kupungua, na kambo alikuwa amekaa pembeni amewapa mgongo.

"Hatapita," akasema. "Baba yako iko pale katikati."

Nami nikaelewa. Juu ya daraja hakuna majani ya kuingia mpaka mwenzako apite. Pale katikati angepita ubavuni mwa mkwe wake, kiwiko mkononi mwake, uso kwa uso. Kambo aliwaacha wote wamtangulie, mpaka akabaki peke yake.

Baba naye aliona. Akafanya jambo ambalo afisa hafanyi, aliacha nafasi yake. Alirudi ukingoni, akawaagiza vijana wawili waende kumchukua, akaenda kusimama nyuma ya uzio wa majani, mto umechafuka vile. Vijana walifika. Kambo alikubali kuinuka, akashikwa huku na huku, akakanyaga mbao za kwanza. Lakini alikuwa na nyonga mbovu tangu zamani. Ikamgoma. Akakaa chini palepale, miguu juu ya mbao, na wakati wanahangaika kumwinua gogo kubwa likaigonga nguzo, daraja zima likacheza. Vijana wale wakaja kwetu mbio, wanatambaa kwa mikono na magoti. Waliulizwa nani atarudi. Walitazama chini. Siwasemi vibaya, walikuwa vijana na walitaka kuishi.

Kambo alibaki amekaa mwisho wa daraja. Maji nyuma yake yalikwisha fika kwenye mashina ya ndizi zake.

"Batume mutoto," akapaza sauti. "Nitamushika pa bega. Minye na yeye tutapita polepole."

Watu wote wakanitazama. Ndugu yangu, sikuogopa, nakwambia kama lilivyo. Nilivua kandambili. Kama kuna kitu cha kupeleka kati ya watu wale wawili, ni nani mwingine? Mama alinishika gauni kwa nyuma. Hakunivuta, hakuniachia. Kule mama yake, huku mwanawe. Nikaweka mguu kwenye ubao.

Baba akatoka nyuma ya uzio. Alitoka wazi, uso mbele, watu wote wakimwona, na kambo akimwona. Akaninyanyua kwa makwapa, akaniweka chini nyuma yake. Akaitazama nguzo ya katikati. Alijua kuliko sisi sote kwamba imeanza kufa. Kisha akainua kichwa, akamtazama mama mkwe wake moja kwa moja, juu ya maji yote yale.

"Mama," akasema. "Minye njo nitakuya kukubeba."

Wanawake waliokwisha vuka waliinamisha vichwa. Mmoja alimziba mtoto wake masikio. Ungedhani baba ametukana. Kambo alichukua kitambaa chake cha kichwani, akajifunika uso wote, akabaki hivyo. Hakujibu. Angejibuje, na mimi sikuwa katikati.

Baba alivua viatu, akaenda. Sijawahi kumwona mtu anatembea vile, haraka na bila haraka. Alipita pale katikati, akapita kwenye mbao zilizolegea, nyingine zikateleza zikaanguka mtoni nyuma yake. Alipomfikia kambo akageuka, akampa mgongo, akapiga magoti, mikono nyuma. Akangoja.

Kambo hakusogea.

Alibaki amekaa na uso umefunikwa, na yule mtu amepiga magoti mbele yake, na sisi huku tunasikia vyuma vinalia. Gogo likapita. Gogo lingine likagonga. Hakuna aliyethubutu kumwita, maana kumwita ni kumlazimisha. Nilimtazama mama, mama amefumba macho. Hapo nikafanya kazi yangu. Nilikwenda hadi ukingoni kabisa, nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo.

"Kambo. Baba anaomba upande mgongoni. Anaomba na magoti."

Baba hakuwa amenituma. Lilikuwa neno la kwanza nililopeleka bila kutumwa, lakini halikuwa uongo, alikuwa kweli amepiga magoti. Kambo akainua kichwa ndani ya kitambaa. Kisha polepole akanyoosha mikono, akamshika mkwe wake mabegani, akapanda.

Akampitishia kitenge chake, baba akakifunga kifuani kama anavyofungwa mtoto, wakaja. Baba anapapasa chuma kwa nyayo, kambo ameweka paji la uso mgongoni mwake. Walipofika katikati nguzo ilikuwa imelala upande. Baba akasimama. Sisi tukadhani ameshindwa, mwanamke mmoja akaanza kusali kwa sauti. Kumbe alikuwa ameona gogo linakuja, akalingoja. Likagonga, chuma kikaruka, akapinda magoti, akabaki amesimama. Halafu akapita.

Mama aliwapokea. Alimfungua kambo, akamfunika blanketi, akamkokota penye moto. Mafundi walikuwa hawajamaliza kuvuta pumzi nguzo ilipokwenda. Magogo yalifunguka, vyuma vikapinduka kimoja baada ya kingine, mbao zikachukuliwa na maji. Kazi ya miezi. Mafundi walishika vichwa. Baba hakugeuka hata kutazama. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye majani marefu, peke yake, bila viatu.

Jioni hakuja kula. Mafundi walisema komanda analilia daraja lake. Mama aliwaambia waache upumbavu. Alimpelekea bukari na kapenta pale alipokaa, juu ya mifuko ya saruji chini ya turubai, akairudisha sahani haijaguswa. Nilimsikia akimwambia mama, "Nilimuvua nguo mbele ya kijiji yake." Mama akasema, "Ulimutosha mu mayi," yaani alimtoa majini. Baba akasema, "Yote mbili."

Asubuhi kambo aliniita penye moto. Alikuwa na kuku mweupe mikononi, sijui alimpata kwa nani kati ya wale waliovuka. Hapa lazima ujue jambo. Buko ikivunjika, hata kwa bahati mbaya, aliyeivunja anatoa kuku mweupe kwa mwenzake, na aibu inaondoka. Kuku huyo alipaswa kutoka kwa baba. Kijiji kizima kilikuwa kinamngojea amtoe, na baba mwenyewe, nilijua baadaye, alikwisha mwomba padri amuuzie mmoja.

Kambo akaniwekea kuku wake mikononi. Nikangoja maneno. Hakunipa.

"Niseme nini?" nikamuuliza.

"Umupe tu."

Nilimpelekea baba pale turubaini. Alimtazama kuku, akanitazama mimi, akangoja nirudie nilichoambiwa.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Anasema nikupe tu."

Baba akampokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anapokea cheo. Akamlaza magotini. Halafu yule mtu wa filimbi na kucha na Kilingala akalia, mabega yanatikisika, bila sauti yoyote. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Sikujua niende au nibaki. Nikabaki.

Alirudi kiangazi kilichofuata akaanza upya, na safari hii alijenga nguzo ya saruji kabla ya kitu kingine chochote. Daraja lilisimama. Kijijini lile jina la Muvunja-madaraja likafa, sikulisikia tena kwa mtu. Lakini kama unadhani yeye na kambo walianza kusalimiana, hujawajua wazee wetu. Buko iliendelea vilevile. Kambo alivuka daraja siku ambazo baba hayupo. Akija Likasi aliuelekea ukuta, baba anatoka kwa mlango wa jikoni, nami katikati, mpaka nikawa mwanamke mwenye watoto wangu. Nikiwa msichana jambo hilo lilinikasirisha. Nilijiuliza, mtu amekubeba mgongoni kifo kinamtazama, unashindwa nini kumwambia habari za asubuhi? Sasa naona walikuwa wanarudishiana kitu kila siku. Siku hizi mkwe atambeba mama mkwe wake bila kufikiri, na hakuna ubaya, maisha yamelainika. Baba alifikiri. Alijua anachovunja, akavunja, kisha akatumia miaka yote iliyobaki kukijenga tena. Watu wa namna hiyo siwaoni, na naona uchungu kusema hivyo, maana nami sijawa mmoja wao.

Kambo alikufa kijijini kwake, kiangazi, akiwa mzee sana. Tulivuka wote juu ya daraja la baba kwenda msibani. Baba, nywele zimekuwa nyeupe, alisimama mbali chini ya miembe na wakwe wengine, mgongo umegeuzwa. Kabla ya jeneza kufungwa, mdogo wake kambo akamwendea. "Buko imeisha, mukwe," akamwambia. "Sasa unaweza kumuona."

Akaja. Akavua kofia, akakaa chini kwenye mkeka karibu na jeneza, akamtazama usoni kwa mara ya pili katika maisha yake. Wanawake wakaacha kulia.

"Mama," akasema.

Halafu, kwa mazoea tu, akageuka akanitazama mimi, akingoja nimletee jibu.